Kituo cha Kazi ni Sehemu ya Mshahara

Barua ya ajira ya dada huyu ilikuwa imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo karatasi imeshaanza kukatika. Aliikunjua juu ya meza yangu, akaibana kwa kikombe cha chai ili feni isiipeperushe, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: kituo chako cha kazi kitakuwa Dodoma. Pembeni ya barua akaweka simu. Mlikuwa na ujumbe wa Aprili 2020 kwenye kundi la ofisi, kwamba kuanzia kesho kila mmoja afanyie kazi nyumbani hadi itakapotangazwa vinginevyo. Ujumbe wa pili, kwenye kundi lile lile, ulikuja miaka minne baadaye: Jumatatu saa 1:30 asubuhi wote muwe mmeripoti ofisini.

Katikati ya jumbe hizo mbili maisha yake yalikuwa yamehama. Mama yake aliugua, naye akarudi Kondoa, kilomita zipatazo 160 kaskazini mwa Dodoma. Aliachia chumba alichokuwa amepanga Nkuhungu na watoto akawahamishia shule ya huko. Ripoti za mradi alizituma kila mwisho wa mwezi, na ofisi ikawa inamtumia fedha ya bando. Kompyuta yake ilipoharibika, ofisi hiyohiyo ilimpelekea nyingine kwa basi la Kondoa. Jumatatu ile ya kuripoti hakwenda. Jumanne ya wiki iliyofuata akapata barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asiachishwe kazi kwa utoro.

Nimebadilisha machache hapa ili asitambulike. Swali lake sikulibadilisha. "Kaka," aliniuliza, "hivi mimi kituo changu ni kipi?"

Nimekaa miaka mingi katikati ya waajiri na wafanyakazi, na kila ugomvi wa kurudi ofisini ninaoletewa una swali hilo ndani yake. Mwajiri akija kwangu huanza na nidhamu. Mfanyakazi huanza na kuonewa. Wakishapoa, wote wawili huishia kwenye nauli, kodi ya nyumba, ada ya shule na nani atamshika mgonjwa. Ndiyo maana nasema kituo cha kazi ni sehemu ya mshahara. Laki nane kwa mtu anayekwenda kazini kwa miguu na laki nane kwa mtu anayelipia nyumba mbili si mshahara mmoja, hata kama hati zao za malipo zinafanana hadi senti. Anayebadilisha kituo amebadilisha mshahara, na mshahara haubadilishwi kwa ujumbe wa simu.

Dodoma ingepaswa kulielewa jambo hili kuliko mji mwingine wowote nchini, kwa kuwa Dodoma tunayoiona leo imejengwa na amri ya kuripoti kituoni. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie katikati ya nchi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na kazi ikapangiwa miaka 10. Miaka 10 ikapita, na mingine ikapita. Bei ya mafuta iliutikisa uchumi, ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kujenga zikakosekana, na wizara zikabaki Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka 40 makao makuu yalikuwa Dodoma kwenye maandishi na Dar es Salaam kwenye maisha ya watu.

Miaka hiyo Dodoma ilikuwa mahali pa kwenda na kurudi. Bunge la bajeti likianza, maofisa walikuja na majalada yao, nyumba za wageni zikajaa, na kila usiku waliolala hapa ulikuwa na posho yake. Kisha tarehe 23 Julai 2016, siku aliyochaguliwa kuwa mwenyekiti wa CCM hapahapa Dodoma, Rais John Magufuli akasema serikali yote itahamia huku ndani ya muda wake. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangulia mwaka huohuo, Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katikati ya hayo CDA ilivunjwa, Dodoma ikawa jiji tarehe 26 Aprili 2018, sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo, na Aprili 2019 majengo ya kwanza ya Mji wa Serikali yakafunguliwa Mtumba.

Sasa mtazame ofisa mmoja wa wizara katika mageuzi hayo. Mwaka 2015 alilala Dodoma wiki sita za bajeti, akalipwa posho kwa kila usiku kwa sababu yuko nje ya kituo. Mwaka 2018 analala Dodoma ileile, pengine kitanda kilekile cha nyumba ya wageni kwa kuwa hajapata nyumba ya kupanga, na hapati kitu, kwa sababu sasa yuko kituoni. Akitumwa Dar es Salaam analipwa posho ya safari, ilhali analala kwake, na mkewe na wanawe. Mtu hajabadilika, wala kazi, wala barabara. Umebadilika mstari mmoja kwenye barua, na fedha ikageuza njia. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hata ya korona ya 2020 kutufundisha kufanyia kazi nyumbani, kwamba kituo ndicho kinachoamua nani anaubeba umbali.

Serikali, kwa haki yake, ililijua hilo. Utaratibu wa uhamisho katika utumishi wa umma umeandikwa: mtumishi anayehamishwa ana posho ya kujikimu siku za mwanzo, nauli yake na ya familia, gharama ya mizigo, na posho ya usumbufu. Neno hilo la mwisho nalipenda. Mtu aliyeandika "usumbufu" kwenye kanuni alikubali kwamba kumng'oa mtu alipo kuna gharama hata baada ya lori kushusha kitanda. Malalamiko mengi niliyoyasikia miaka ile hayakuipinga Dodoma. Walalamikaji walikuwa wamekwisha kufika na fedha ya uhamisho haijafika, wakadai hadi wakachoka. Wengine walikopa. Kodi za nyumba Ilazo, Kisasa na Nzuguni zilidaiwa kwa miezi sita, na wako waliodaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa hii; ya 2022 ikahesabu 765,179. Mwenye nyumba yeyote angeusoma mji huo namna moja tu.

Na liko ambalo hakuna posho iliyolifidia. Ukiwa mwalimu na mwenzako ni muuguzi wa serikali, mnaweza kuomba uhamisho wa kufuatana na mkasubiri. Mwenzako akiwa na duka Kariakoo, au ameajiriwa na kampuni isiyo na tawi huku, hakuna pa kuombea. Ndipo yakazaliwa majiko mawili. Mume Dodoma, mke na watoto Dar es Salaam, na Ijumaa ikifika mchana ofisi inaanza kunukia safari: begi dogo chini ya meza, simu kwa dereva, mtu anayechungulia saa kila baada ya aya mbili.

Reli ya kisasa imepunguza adha hiyo, na sioni haya kuisifu. Tangu 25 Julai 2024 treni inafika Dodoma, na ile treni ya umeme iitwayo mchongoko inakata njia kwa muda ambao basi lilikuwa bado linahangaika milimani. Lakini hebu tupige hesabu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa safari moja. Kwenda na kurudi kila mwisho wa wiki, kwa wiki nne, ni 248,000. Siku ya Mei Mosi 2025, uwanja wa Bombadia mjini Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa serikali kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Nilifurahi na wafanyakazi waliofurahi. Ila mtumishi wa ngazi hiyo akitaka kuwaona wanawe kila wiki, karibu nusu ya kima hicho inabaki kwenye behewa. Kwa hiyo haendi. Huenda mara moja kwa mwezi, na mtoto wake wa miaka mitatu anamwita mgeni.

Mgogoro wa kurudi kazini ulioshuhudiwa na nchi nzima nao ulitokea hapa Dodoma, na waliohusika walikuwa wabunge. Mkutano wa bajeti wa 2020 ulianza mwisho wa Machi, wiki mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Muda wa vikao ukapunguzwa, watu wakaachiana nafasi, na maswali mengine yakapitia vishikwambi badala ya kuulizwa kwa mdomo. Kisha, ndani ya siku 11, wakafariki Mchungaji Getrude Rwakatare, Richard Ndassa na Balozi Augustine Mahiga. Tarehe 1 Mei mwenyekiti wa Chadema wakati huo, Freeman Mbowe, akawaagiza wabunge wa chama chake wasiingie bungeni wala kukaa kwenye mazingira yake, wajitenge kwa siku 14. Spika Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, akalikataa hilo. Kwake hao walikuwa watoro: warejee kazini, au warudishe posho walizokwisha kulipwa. Baadhi ya wabunge wa Chadema wakaingia ukumbini, na chama kikawavua uanachama wanne, kuingia huko kukiwa moja ya makosa waliyohesabiwa.

Wengi walilitazama lile kama pambano la vyama. Mimi nililitazama kama mtu wa mahusiano kazini, na nikahuzunika. Mbunge alikuwa na mabwana wawili. Mmoja anamwambia ukitoka umeiba, mwingine anamwambia ukiingia umeasi, na katikati yao kuna hofu ya kweli ya kifo. Hoja ya posho ilikuwa na uzito wake, maana posho ya kikao hulipwa kwa kukaa kikaoni. Lakini kama maswali yalikuwa yameshaanza kupita kwenye kishikwambi, basi sehemu ya kazi ilikuwa imeshatoka nje ya ukumbi kwa idhini ya wenye ukumbi. Ilitakiwa iandikwe mapema: kazi ipi lazima uwepo, ipi waweza kuifanya ukiwa chumbani Area D, na malipo ya kila moja ni yapi. Kwa kuwa haikuandikwa kwa namna pande zote zingeishika, kila upande ulitumia neno lake, "utoro" huku na "usalama" kule, na maneno hayo mawili hayakutani popote.

Tangu hapo kufanyia kazi nyumbani kumekuwa kukija na kuondoka kwa matangazo. Januari 2025 watumishi wa umma Dar es Salaam walielekezwa kufanyia kazi nyumbani tarehe 27 na 28 kwa sababu barabara zingefungwa kupisha mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati. Siku mbili, sababu inaeleweka, watu wakarudi ofisini bila ugomvi. Oktoba mwaka huohuo haikuwa hivyo. Jioni ya uchaguzi wa tarehe 29, baada ya vurugu zilizogharimu maisha ya watu, serikali iliwaelekeza watumishi wafanyie kazi nyumbani siku inayofuata, na intaneti ilikuwa imezimwa. Sitaki kuyapunguza maumivu ya siku zile kuwa suala la utumishi, kwani yalikuwa makubwa kuliko ofisi zote. Ninachosema ni kidogo: mtumishi aliyekaa nyumbani Nzuguni bila mtandao, na mfumo wa kazi hauingiliki, alikuwa kazini au hakuwa? Ikiwa kukaa nyumbani kwa maelekezo ni kuwa kazini, basi mahali si sharti la kazi zote. Ikiwa si kuwa kazini, basi ile ilikuwa likizo, na iitwe likizo.

Sheria inasemaje? Kwa sekta binafsi inasema zaidi ya watu wanavyodhani. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Mahali pa kazi pametajwa katika orodha ileile yenye saa za kazi na ujira, na aliyeitunga hakupaweka hapo kwa bahati mbaya. Jambo lolote katika orodha hiyo likibadilika, mwajiri anatakiwa ayarekebishe maandishi kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Na shauri likifika kwenye vyombo vya sheria, mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Turudi kwa dada wa Kondoa. Mwaka 2020 shirika lake halikurekebisha kitu. Lilituma ujumbe. "Hadi itakapotangazwa vinginevyo" ni maneno ya muda, na mwajiri aliyashika hayo kama ngao. Nami namheshimu mwajiri aliyesema ni ya muda. Lakini muda una mwisho wake. Ukipokea kazi ya mtu kutoka Kondoa miaka minne, ukamlipia bando la Kondoa, ukampelekea kompyuta stendi ya Kondoa, kwa vitendo vyako umekubali kwamba yuko Kondoa. Huwezi kuamka Ijumaa ukasema hukujua.

Pamoja na hayo nilimwambia dada ukweli ambao haukumfurahisha: alikosea kutokwenda. Chini ya miongozo ya utendaji bora ya 2007, kukosa kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya maana ni kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi, na katika utumishi wa umma siku tano hizohizo zina ukali wake. Ndiyo sababu ninawaambia wafanyakazi wote, na leo nasema kwa herufi za gazeti: ukiitwa, nenda. Lala kwa ndugu, kopa nauli, saini daftari. Kisha siku hiyohiyo andika barua kwa adabu useme unapinga mabadiliko ya kituo bila mashauriano, upigiwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Anayelalamika akiwa ndani ana mgogoro wa masharti ya kazi. Akilalamika kutoka Kondoa, analo kosa la utoro, hata kama kila neno lake ni haki. Na akiachishwa, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu mtu alitumia siku hizo kuwaomba wakubwa wamhurumie. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine: tangu marekebisho ya 2016 anatakiwa kwanza amalize ngazi za ndani ya utumishi kabla ya kuigusa Mahakama.

Upo pia ujanja ambao sheria inaujua. Mwajiri asiyetaka kupunguza watu kwa utaratibu, maana utaratibu una mashauriano na malipo, huweza kutangaza kurudi ofisini akijua fika nani hataweza. Watu wanaacha kazi wenyewe, na yeye hakumfukuza mtu. Sheria inamtambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri alifanya isivumilike, na inamhesabu kuwa ameachishwa. Kulithibitisha hilo ni kazi ngumu, lakini njia ipo, na waajiri wanaofikiria ujanja huo waijue.

Wakubwa wengi wa ofisi ninaokutana nao si watu wabaya. Wana hofu, na chanzo chake ni kwamba hawakufundishwa kupima kazi. Walifundishwa kupima mahudhurio. Mnaikumbuka ile kalamu nyekundu. Saa 1:30 ikigonga, mtu wa utawala anapiga mstari chini ya jina la mwisho, na anayesaini chini ya mstari ana maelezo ya kutoa. Kisha zikaja mashine za alama za vidole, kazi ya ule mstari mwekundu ikafanywa na kidole. Na bado kila aliyewahi kufanya kazi ofisini analijua koti lililotundikwa kwenye kiti toka asubuhi, miwani juu ya jalada lililo wazi, na mwenyewe yuko kwenye shamba lake la zabibu. Ukiuliza, unaambiwa ametoka kidogo. Daftari linasema yupo.

Serikali yenyewe imeshasogea mbali na daftari. Majalada yanapita kwenye mfumo wa ofisi mtandao. Jalada ambalo zamani lilibebwa na mhudumu kutoka masijala hadi kwa mkurugenzi sasa unaliona limekwama kwa nani na tangu lini. Mfumo wa kupima utendaji wa PEPMIS, ulioshika nafasi ya ule wa OPRAS, unamtaka mtumishi aorodheshe majukumu yake na kuonyesha alichotekeleza. Nimesikia manung'uniko juu yake, mengine ya haki. Lakini huwezi kumpima mtu kwa alichotekeleza na papo hapo ukasema asipoonekana hajafanya kitu. Moja ya hayo lazima liwe kuu.

Duniani ubishi huu haujaisha. Amazon iliwarudisha wafanyakazi wake wa ofisi siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025, na mwezi huohuo Rais Donald Trump akaagiza watumishi wa serikali kuu ya Marekani warudi ofisini. Uingereza, kwa upande wake, tangu Aprili 2024 imempa mfanyakazi haki ya kuomba mpangilio tofauti tangu siku ya kwanza ya ajira. Haki ya kuomba, si ya kupewa, na mwajiri akikataa atoe sababu. Ushahidi ninaouamini zaidi umetoka China, kampuni ya Trip.com, ambako wafanyakazi 1,612 waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likifanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa 2024 hayakuonyesha kushuka kwa utendaji wala kunyimwa kupanda cheo, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi moja. Hao ni watu wa kompyuta, si wapokea wagonjwa wa zahanati ya Bahi, kwa hiyo nayatumia kwa kiasi.

Maana kuna mtu ambaye hajatajwa mpaka sasa, naye ndiye ananifanya nisiwe mtetezi wa nyumbani kwa kila hali. Ni mwananchi aliyetoka Mpwapwa au Itigi na bahasha ya plastiki yenye hati za kiwanja, amepanda basi alfajiri, akashuka mjini, akatafuta daladala ya Mtumba, kilomita 17 na vumbi lake, akaambiwa mhusika yuko Dar es Salaam hadi Jumatano. Umbali ambao mtumishi hakuubeba ameubeba huyu, tena bila posho. Kwake mtandao ni simu ya vitufe yenye salio la kupiga dakika tatu. Ofisi yenye watu kama hao mlangoni iwe na mtu mezani kila siku ya kazi, na hapo sina mjadala.

Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita naye anahitaji ofisi kuliko sisi wenye mvi. Namna ya kuandika dokezo, namna ya kumkatalia mkubwa bila kumvunjia heshima, nani hasa anaijua historia ya jalada fulani: mambo hayo hujifunzwa kwa kukaa jirani na mtu, kusikia anavyopokea simu. Na asiyekuwepo na lake halipo. Nimeona wanawake hodari waliofanyia kazi nyumbani kwa ruhusa kamili wakirukwa kwenye mafunzo na kupandishwa vyeo kwa sababu tu wakati jina linatafutwa, macho ya mkubwa yaliwaangukia walio ukumbini. Hilo ni punguzo jingine la mshahara lisiloonekana kwenye hati.

Kwa hiyo ninachowaomba waajiri wa Dodoma, Singida na kanda hii yote ni kazi ya karatasi. Kaeni na wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi kama kipo, mpitie kazi moja moja. Kazi hii inamtaka mtu mezani siku zipi, na kwa nini? Kama sababu ni mwananchi, andikeni mwananchi. Kama sababu ni kwamba bosi hapendi viti vitupu, mtaona wenyewe ilivyo aibu kuliandika. Mkishajua siku, andikeni nani analipa nini: nauli ya siku za ofisi, bando na umeme wa siku za nyumbani, muda wa notisi kabla ya mpangilio kubadilika. Mimi huomba miezi mitatu, kwa sababu shule ina mihula na mwenye nyumba hana huruma. Na yale maneno "hadi itakapotangazwa vinginevyo" yafutwe, iwekwe tarehe.

Shauri la dada wa Kondoa halikufika kwenye uamuzi. Nilimtaka mkurugenzi wake ataje kazi inayomhitaji mezani, akahesabu kwa vidole, akaishia siku mbili: Jumatano ya kikao cha mradi na Alhamisi ya kupokea vikundi vya wakulima kutoka vijijini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi Jumanne jioni uje ulale, nauli na malazi juu yetu." Dada alikubali onyo la maandishi kwa zile siku alizokosa. Barua mpya ilichapwa palepale, na kwenye mstari wa kituo tuliacha nafasi, wakajaza kwa mkono: Dodoma, Jumatano na Alhamisi, Kondoa, siku nyingine za kazi, hadi 31 Desemba, itazamwe upya.

Alipomaliza kusaini aliomba nakala mbili. Ya kwanza aliiweka kwenye mkoba. Ya pili alivuka nayo barabara hadi steshenari, akaiwekea karatasi ya plastiki, akasubiri ipoe mkononi kabla ya kwenda kukata tiketi.